Maneno Marefu ya Kiingereza Husomwa Kuanzia Mkiani

Kazi ya unukuzi wa kitabibu ni nyepesi kuieleza. Daktari akishamhudumia mgonjwa anaongea kwenye kinasa sauti: mgonjwa alikuja na nini, ameonekana na nini, amefanyiwa nini, amepewa dawa gani. Rekodi inatumwa kwa mtu kama mimi, ambaye anavaa hedifoni, anakanyaga pedali ya mguu kuirudisha nyuma na kuipeleka mbele, na anachapa kila kilichosemwa. Niliingia humo nikiwa na Kiingereza kizuri cha darasani na vidole vinavyokimbia kwenye kibodi. Nilidhani hivyo viwili vinatosha.

Rekodi zangu za mwanzo zilikuwa za daktari wa mfumo wa chakula. Anaongea sentensi ya kawaida kabisa, mgonjwa ana umri huu, analalamika maumivu hapa, mara katikati linatoka neno la silabi kumi na mbili kwa pumzi moja, halafu anaendelea kana kwamba hajasema la ajabu. Narudisha nyuma. Nasikiliza tena. Napunguza kasi mpaka sauti ya daktari inakuwa nzito na ya kulevya, na bado sioni neno limeanzia wapi na limeishia wapi.

Kazi hii kwa kawaida hulipwa kwa mstari, na mstari kwa hesabu ya wenye kazi ni alama 65, nafasi zikiwemo. Ukikaa nusu saa kwenye neno moja, hiyo nusu saa umefanya bure. Faili ikirudishwa na makosa, malipo yanapunguzwa. Mwezi wa kwanza nilichopata hakikufidia hata bando la intaneti na umeme, na sitaficha kwamba kilichoniuma zaidi ya fedha ni aibu. Mtu umesoma Kiingereza tangu utoto, halafu unakaa mbele ya kompyuta unajiona hujui kusoma.

Nikafanya kile ambacho wengi hufanya: nikaanza kukariri. Nilitafuta orodha za maneno marefu ya Kiingereza, nikayaandika kwenye kadi, nikawa nayarudia usiku. Juu ya kila orodha lilikaa pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, herufi 45. Nililikariri mpaka nikaweza kuliandika nimefumba macho. Tangu hapo sijalisikia kwenye rekodi ya daktari yeyote, na sababu yake inastahili kujulikana na kila anayeingia kwenye maneno haya: lilitungwa makusudi ili liwe refu. Mtunzi wake ni Everett Smith, kiongozi wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno cha Marekani, National Puzzlers' League, na lilitolewa kwenye mkutano wa chama hicho mwaka 1935. Gazeti moja la New York likaliandika, watu wakalipenda, na baada ya miaka michache likapata nafasi kwenye kamusi. Ugonjwa wenyewe si wa kutungwa. Vumbi la silika likiwaingia mapafuni wachimba migodi na wachonga mawe kwa miaka, mapafu yanaota makovu na pumzi inazidi kuwa fupi. Ila hospitalini huitwa silicosis, herufi 9. Daktari ana foleni nje ya mlango.

Kozi ya mtandaoni niliyoilipia wakati huo nayo ilikuwa ya namna hiyo hiyo: maneno mengi, maana yake pembeni, kariri, jibu maswali, pata cheti. Cheti ninacho. Kilichonifaa kuliko cheti ni kamusi ya kitabibu iliyokwishatumika, kurasa zimelegea, niliyoinunua kwa bei ya kutupa, kwa sababu kila neno mle lilikuwa limevunjwa vipande na kila kipande kimetajwa kimetoka Kigiriki au Kilatini. Sikujua kuitumia mpaka nilipofundishwa na mhariri wetu, mama mtu mzima aliyekuwa kwenye kazi hii tangu enzi za kaseti. Yeye ndiye aliyekuwa akizirudisha faili zangu zikiwa nyekundu tupu. Siku moja nilimpigia simu, na kusema kweli nilipiga ili nilalamike.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Faili ipi leo?"

"Ile ya kipimo cha kamera. Nimesikiliza mpaka masikio yanauma. Kuna neno silijui kichwa wala miguu."

"Miguu unaijua. Anaishia na nini?"

Nikasikiliza. "Skopi. Kitu kama noskopi."

"Basi huyo anatazama ndani. Anatazama wapi?"

"Duodeno..."

"Rudi nyuma."

"Gastro. Tumbo. Halafu kuna isofago."

"Umio. Umeshalimaliza mwanangu, liandike."

Nikaandika esophagogastroduodenoscopy, herufi 26, na kwa mara ya kwanza niliandika neno refu nikijua ninachoandika. Skopein kwa Kigiriki ni kutazama. Kabla yake kuna duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, kabla ya duodeni kuna tumbo, kabla ya tumbo kuna umio. Soma kutoka mkiani: kutazama duodeni, tumbo na umio. Ni Kiswahili hicho, hakuna ulichopanga upya.

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Maneno ya Kigiriki yaliyoungwa hivi huweka jambo kuu mwisho, na yale yanayolifafanua hutangulia. Sisi huweka jambo kuu mwanzo: daktari wa moyo, ugonjwa wa mapafu, upasuaji wa jicho. Kwa hiyo Mswahili anayelisoma neno hilo kutoka mbele anakutana na wafafanuzi kabla hajajua wanafafanua nini, anachoka katikati. Akilishika mkia, sentensi inajipanga yenyewe. Nilirudi hata kwa lile la herufi 45 nikalijaribu. Coniosis, ugonjwa wa vumbi, kutoka konis, vumbi kwa Kigiriki. Volcano, la volkano. Silico, lenye silika. Ultramicroscopic, dogo kupita uwezo wa hadubini. Pneumono, mapafuni. Ugonjwa wa vumbi la volkano lenye silika, dogo kupita uwezo wa hadubini, mapafuni. Bwana Smith hakujua kwamba alikuwa akitunga sentensi ya Kiswahili kinyumenyume.

Kwenye duodeni nilikaa zaidi ya ilivyohitajika kikazi. Herophilus, tabibu Mgiriki aliyefanya kazi Alexandria takribani miaka 300 kabla ya Kristo, alikiita kipande hicho cha kwanza cha utumbo mwembamba kwa urefu wake: upana wa vidole kumi na viwili. Kilatini kikaichukua ile kumi na mbili ikawa duodenum. Waarabu nao mpaka leo wanakiita ithna ashar, ambayo ni thenashara ile ile ya wazee wetu. Tangu nijue hivyo sijawahi kukosea tahajia yake. Ukitaka kipande kikae kichwani kitafutie jamaa unayemfahamu. Kadi za kukariri hazifanyi kazi hiyo.

Jambo la pili alilonifundisha Mama ni kusikiliza irabu o. Kigiriki kinapounga vipande viwili, mara nyingi hutia o katikati kama gundi: gastro-, cardio-, electro-, encephalo-. Ukiisikia o katikati ya neno refu, yumkini hapo pana kiungo, na hapo pa kukatia. Electroencephalography ina herufi 22 na inatisha kwa kuiona, lakini zile o mbili zinakuonyesha pa kupitisha kisu: electro, umeme, encephalo, ubongo, graphy, kuandika au kuchora. Kuchora umeme wa ubongo. Hans Berger, Mjerumani, ndiye aliyenasa mchoro wa kwanza wa namna hiyo kwa binadamu mwaka 1924. Kipande cha mkiani kikianza na irabu, ile o kwa kawaida huondoka, ndiyo maana ni gastritis na si gastroitis.

Sikio lakini lina ujanja wake, na viungo havipo kila mara pale linapodhani. Mfano mzuri tunao mdomoni kila siku: helikopta. Ukimwuliza mtu akate atasema heli na kopta, na hata Waingereza wenyewe wanakata hapo. Kigiriki kilikata penginepo: helico, cha kuzunguka kama parafujo, na pter, bawa. Bawa linalozunguka. Kwa hiyo ukishakata neno, nenda kwenye kamusi uone kama kila kipande kinasimama chenyewe. Kisiposimama, umekata vibaya.

Na kwenda kwenye kamusi kwenyewe ni mtihani mwingine, ambao hakuna aliyenionya. Unukuzi ni kazi ya sikio, na maneno haya yanaandikwa kwa namna ambayo sikio halitaifikia. Unasikia "nyumo", unafungua herufi N, hakuna kitu. Unasikia "sudo", unafungua S, hakuna kitu. Nilipoteza saa nyingi hapo kuliko mahali pengine popote. Karatasi iliyobandikwa ukutani kwangu hatimaye ilisomeka hivi: ukikosa N jaribu PN, ukikosa S jaribu PS, ukikosa T jaribu PT, ukikosa R jaribu RH, ukikosa F jaribu PH, ukikosa K jaribu CH, ukikosa Z jaribu X. Wagiriki walizitamka herufi hizo, Waingereza wakazinyamazisha mdomoni wakaziacha kwenye maandishi. Otorhinolaryngology, elimu ya masikio, pua na koo, ina ile rh ndani yake, na wengi huiangusha h yake.

Ongeza na hili: uliza mapema kama mteja anaandika Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani. Lile neno la kipimo cha kamera lina herufi 26 Marekani na 27 Uingereza, kwa sababu Waingereza huanza na oe, oesophago. Ukiwa na kamusi ya upande mmoja na mteja wa upande mwingine, utarudishiwa faili ambayo haina kosa.

Baadaye kazi za hospitali zilipopungua nilianza kupokea rekodi za mihadhara ya historia. Nikajiona nimeshakuwa fundi, nina mkia na nina o. Mhadhiri mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayetabasamu, antidisestablishmentarianism. Herufi 28. Nikashika mkia: ism, itikadi. Itikadi ya nini? Arian, mfuasi. Ment, hali ya kitendo. Nimefika katikati, sina kitu. Mkia ulikuwa umenipa makombo tu.

Neno hilo si mnyororo wa Kigiriki. Ni la Kilatini kilichopitia Kifaransa, na limekua kwa namna tofauti kabisa: lina shina katikati, na vitu vimeliota mbele na nyuma. Na hiyo ndiyo namna ambayo Mswahili anaijua kuliko Mwingereza. Mtu akikuambia hatukusahihishiana huanzi mwanzo wala mwisho, unaenda moja kwa moja kwenye sahihi, halafu unapokea kilichoongezwa: -ish-, -i-, -an-, na huku mbele ha-, -tu-, -ku-. Mtoto wa miaka mitano anafanya hivyo bila kufundishwa. Nikaenda kwenye shina: establish, kusimamisha rasmi. Establishment hapa ni ile hali ya kanisa kuwa kanisa rasmi la dola. Disestablishment, kuliondolea urasmi huo. Kwa anti mbele na arianism nyuma unapata msimamo wa wale waliopinga kanisa kuondolewa urasmi.

Na watu hao walikuwepo. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1869 sheria ya kuliondolea urasmi kanisa la Kianglikana la Ireland, na sheria ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1871. Wales ikafuata mwaka 1920. England kanisa hilo ni rasmi hadi leo. Mabishano yalikuwa makali na yalichukua miaka mingi, ila waliobishana hawakuwa na haja kubwa ya neno lenyewe. Umaarufu wake umetokana na urefu. Mwaka 1955 msichana wa miaka 12 alilitaja herufi kwa herufi bila kosa kwenye shindano la televisheni la Marekani, na watu wakalishika. Merriam-Webster wamekataa kuliweka kwenye kamusi yao, kwa hoja kwamba karibu kila anayelitumia anatoa mfano wa neno refu tu. Naona wana haki. Lakini disestablishment peke yake ilijirudia kwenye mihadhara ile mara kwa mara, kwa hiyo saa niliyoitumia kulifumua neno zima haikupotea.

Kuna mengine ambayo ukiyafumua hupati kitu isipokuwa kicheko, na ni vizuri uyajue ili usiyape usiku wako. Floccinaucinihilipilification, herufi 29, ni kukiona kitu hakina thamani. Ndani yake mna maneno manne ya Kilatini, flocci, nauci, nihili na pili, ambayo yalikuwa yakifundishwa pamoja kwenye sarufi ya Kilatini ya shule ya Eton kwa sababu yote yalitumika kusema kitu si chochote: kishungi cha sufu, upuuzi mdogo, hamna, unywele. Mtu akayapanga yote manne msururu, akatia fication. William Shenstone, mshairi, alilitumia kwenye barua mwaka 1741. Mkia hapa haukusaidii, shina halipo, maana ni ile ile imerudiwa mara nne. Wanasiasa wanalipenda. Seneta Jesse Helms wa Marekani alilitumia mwaka 1999 akizungumzia mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, na Jacob Rees-Mogg alilitamka kwenye Bunge la Uingereza mwaka 2012. Kwenye rekodi zangu halijawahi kupita. Lile la hofu ya maneno marefu, hippopotomonstrosesquippedaliophobia, nalo ni utani mtupu. Mtungaji alimwingiza hata kiboko ili lirefuke. Kipande kimoja tu humo kina ukoo wa heshima: sesquipedalia ni la Horace, mshairi wa Kirumi, aliyewacheka waandishi wenye maneno ya futi moja na nusu.

Kati ya hayo ya mchezo kuna moja nililolipenda kwa dhati. Shakespeare alilitia kinywani mwa mhusika mchekeshaji, anayemwambia mtoto mdogo kwamba kwa urefu halifikii neno honorificabilitudinitatibus. Ni Kilatini cha zama za kati, lahusu hali ya kustahili heshima, herufi 27. Sasa lisome kwa sauti kwa Kiswahili: ho-no-ri-fi-ka-bi-li-tu-di-ni-ta-ti-bu, kisha s. Konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, mpaka mwisho. Mwingereza analisoma akikwama, sisi linateleza. Mwaka 1910 bwana mmoja, Edwin Durning-Lawrence, alizipangua herufi zake akapata sentensi ya Kilatini inayodai kwamba tamthilia zile ziliandikwa na Francis Bacon. Ukiwa na herufi 27 na muda wa kutosha utapata chochote unachokitafuta.

Nirudi hospitalini, kwa sababu huko ndiko urefu unakobeba uzito. Siku moja daktari wa homoni alisema pseudopseudohypoparathyroidism. Nilidhani ulimi umemkwama. Nusura niandike pseudo moja, lakini niliirudisha rekodi na mara zote mbili alizitamka wazi, kwa utulivu. Nikashika mkia. Ism, hali. Thyroid ni tezi iliyoko shingoni, ambayo Wagiriki waliifananisha na ngao. Para, kando: tezi ndogo zilizo kando ya hiyo, kwa kawaida nne, zinazosimamia kalsiamu mwilini. Hypo, upungufu. Pseudo, wa uongo. Pseudo tena.

Ni ugonjwa wa kweli. Mwaka 1942 daktari Fuller Albright wa Marekani na wenzake walieleza wagonjwa ambao kalsiamu yao ilikuwa chini kana kwamba tezi hizo zimechoka, kumbe homoni ipo na mwili ndio hauiitikii. Upungufu wa uongo. Mwaka 1952 Albright akaeleza mgonjwa mwenye umbo lile lile la wale wa kwanza, mfupi, uso wa mviringo, vidole vifupi, lakini kalsiamu yake iko sawa kabisa. Uongo wa uongo. Fikiria sasa mnukuzi anayeifuta pseudo moja kwa kudhani ni kigugumizi: amemtoa mgonjwa mwenye damu iliyo sawa akamwandikia ugonjwa wa kalsiamu iliyoshuka. Herufi 6 tu.

Ndiyo maana nawaambia wanaoanza kwamba neno refu lenyewe halina hatari kubwa. Linakushtua, unasimama, unalikagua. Yanayoangusha watu ni yale yanayofanana. Hyper ni kupita kiasi na hypo ni kupungua, na kwenye rekodi yenye kelele ya wodi tofauti yao ni pumzi tu. Sukari iliyopanda na sukari iliyoshuka hazitibiwi sawa. Gastrectomy ni kuliondoa tumbo au sehemu yake, gastrotomy ni kulipasua, gastrostomy ni kulitobolea mlango wa kulishia. Ec, o na os ndizo zinazomtenganisha mgonjwa na mwenzake. Dysphagia ni shida ya kumeza, dysphasia ni shida ya kusema. Ileum ni utumbo na ilium ni mfupa wa nyonga, na hizo mbili hutamkwa sawa sawa, kwa hiyo hapo sikio halina kazi, kinachokuokoa ni sentensi nzima. Daktari wa mifupa hazungumzii utumbo.

Pale unapobaki na shaka, acha pengo na uandike dakika na sekunde ya rekodi. Mwanzoni niliona pengo ni kukiri kushindwa, nikawa najaza kwa kukisia. Mama aliniambia pengo humrudisha daktari asikilize, kisio humdanganya, na kwamba wahariri huwaamini zaidi wanaoacha mapengo machache yaliyo mahali pake. Nilipoanza kuacha mapengo, faili zilizorudishwa zikapungua.

Kuna na suala la kutamka, kwa sababu itafika siku utampigia mteja na itabidi ulitaje neno. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kubadilika. Kiingereza kinahama, lakini kwenye maneno haya kinahamishwa na mkia. Ukiona itis, osis au ic, kaza ya pili kutoka mwisho kama unavyoongea nyumbani. Ukiona ology, ography, oscopy au ectomy, kaza ya tatu kutoka mwisho. Hiyo inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Silabi za mbele zipite haraka, hakuna anayezisikiliza.

Kwa wapenzi wa rekodi za dunia: ndiyo, lipo jina la kemikali la protini ya misuli iitwayo titin ambalo huhesabiwa kuwa na herufi 189,819, linaanza na methionyl na kuishia na isoleucine, na yupo mtu aliyejirekodi akilisoma kwa zaidi ya saa tatu. Watunga kamusi hawalikubali kuwa neno. Ni fomula iliyoandikwa kwa herufi, asidi moja baada ya nyingine. Mkatie hapo anayekuletea.

Siku hizi kinachonipa kazi ni dawa. Majina ya kibiashara hayana ukoo, kampuni inatunga tu, na hapo hakuna njia isipokuwa kusikiliza na kutafuta. Yale majina ya kitaalamu ndiyo yana mikia, tena iliyowekwa kwa utaratibu: Shirika la Afya Duniani limekuwa likichapisha orodha zake tangu 1953. Dawa ikiishia olol, kama propranolol, inapunguza kasi ya moyo na shinikizo. Pril, kama enalapril, ni ya shinikizo kwa njia nyingine. Cillin ni jamii ya penisilini, vastatin ni ya kushusha kolesteroli, mab ni kingamwili za maabara. Nilikuwa nimeshaizoea mab, nikiisikia tu najua niko kwenye kliniki gani. Mwaka 2021 shirika likaamua kwamba dawa mpya za kundi hilo hazitapewa tena mab, zitagawanywa kwa mikia minne: tug, bart, mig na ment. Hiyo ment ndiyo inayonichelewesha, maana sikio langu lilishaipangia nafasi yake kule kwenye mihadhara ya makanisa.